Uzito wa Gurudumu la Injini

Mpwa wangu alifika Choma mwezi wa Julai, majira ambayo pamba hutoka mashambani kwenda mizanini, akiendesha gari lake aina ya Subaru Impreza. Nyuma ya kiti chake palikuwa na kitu kilichofungwa kwa karatasi na kamba. Alikitoa, akakiweka mezani kwangu taratibu kama mtu awekaye mayai. Alipokifungua niliona sahani ya chuma iliyong'aa, yenye meno ukingoni na matundu katikati, nzuri kutazama kama kazi ya sonara.

"Shikamoo, Mjomba," alisema kwa mara ya pili siku ile, nami nilijua kuwa shikamoo ya pili ina haja nyuma yake.

Haja yake ilikuwa hii. Klachi ya gari ilikuwa imekwisha, na ili kuibadili hapana budi kulishusha giaboksi zima. Giaboksi likishashuka, gurudumu la injini hubaki wazi, na yeye alikuwa amenunua gurudumu jingine, jepesi, kwa fedha nyingi. Alitaka kulifunga badala ya lile la kiwandani kwa sababu alikuwa na nia ya kuingia katika mashindano ya magari. Kazi ya kufungua ni moja kwa klachi na kwa gurudumu. Kwa hiyo uamuzi ulitakiwa siku ile ile, wakati giaboksi limelala juu ya gunia chini ya mwembe. Mimi nilifundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 30, na mpwa wangu aliamini kuwa mtu aliyefundisha habari za mwendo kwa muda wote huo hawezi kukosa jibu. Jibu nilikuwa nalo. Lakini nilikuwa pia na jambo ambalo sikupata kumwambia tangu azaliwe, nalo ndilo lililonizuia nisijibu upesi.

Gurudumu hilo mafundi wetu huliita flaiwili. Msomaji ambaye hajapata kulala chali chini ya gari hana lawama kwa kutolijua, maana limefichwa kati ya injini na giaboksi, na gari likiwa zima hakuna mtu anayeliona. Limekazwa kwa bolti kwenye ncha ya mhimili ambao pistoni huuzungusha. Meno ya ukingoni mwake ni ya stata. Uso wake laini ndio unaokumbatiwa na sahani ya klachi. Na uzito wake, ambao kwa macho ya haraka huonekana kuwa hasara tupu, ni ghala ya mwendo.

Mtu aliyekulia Choma kama mimi aliijua kazi ya gurudumu hilo kabla ya kujua jina lake. Mashine ya kusaga ya utoto wangu iliendeshwa na injini ya Lister kutoka Uingereza, ya silinda moja, yenye magurudumu mawili makubwa, moja kila upande, yaliyo wazi kwa kila jicho. Injini ya namna ile huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 650 kwa dakika, huwaka mara 325 tu. Na kati ya mwako mmoja na mwingine pistoni hulazimika kutoa moshi, kuvuta hewa na kuigandamiza, kazi tatu pasipo msaada wa moto. Nani huizungusha wakati huo? Ni magurudumu yale. Yalipokea nguvu ya mwako mmoja, yakaikopesha kwa hatua tatu zilizofuata. Jioni, mwenye mashine alipokata mafuta, mlio ulikoma lakini magurudumu yaliendelea kuzunguka kimya kimya, na sisi watoto tulishindana kuhesabu mizunguko mpaka yaliposimama. Mama zetu walituvuta mashati kutoka nyuma, maana walikuwa na hofu na mkanda wa mashine kuliko walivyokuwa na hofu na nyoka.

Injini ya mpwa wangu ina silinda nne, na huwaka mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Haihitaji mkopo mkubwa kama ule wa mashine ya kusaga ili kufika kutoka mwako hadi mwako. Hapo ndipo hoja ya wepesi inapopata miguu, na mpwa wangu aliijua vema.

Jambo la kwanza nililotaka ni kupima. Tulifungua gurudumu la kiwandani, tukalichukua pamoja na lile jipya mpaka kituo cha kununulia pamba, tukamwomba karani mizani. La kiwandani lilikuwa kilo 9. Jipya lilikuwa kilo 5. Wakulima waliokuwa wakingoja zamu zao walisogea kutazama. Mzee mmoja aliuliza zao lile linanunuliwa kwa bei gani kwa kilo. Mpwa wangu, kwa ujana wake, alimtajia bei halisi ya lile jepesi. Mzee alinyamaza, akaitazama pamba yake, akarudi mahali pake katika foleni.

Tuliporudi chini ya mwembe nilichukua kalamu. Kilo 4 ni kitu gani katika gari la kilo 1,300? Kwa mizani peke yake ni kitu cha kuchekesha, kwani dereva anaweza kuzipunguza kwa kutojaza tangi. Lakini gurudumu halisukumwi mbele tu pamoja na gari. Huzungushwa pia, tena mara nyingi kuliko tairi. Katika gia ya kwanza ya gari lile injini huzunguka karibu mara 13 na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Nilipiga hesabu nikaona kuwa katika gia hiyo, wakati wa kuongeza mwendo, kuondoa kilo zile 4, nyingi zikiwa zimetolewa ukingoni, ni sawa na kumteremsha garini mtu wa kilo 80. Katika gia ya tatu ni sawa na kuteremsha mzigo wa kilo 14 hivi. Katika gia ya tano faida ile ya mzunguko haifiki kilo 4, yaani jogoo wawili.

Nimesema kuwa chuma kilitolewa ukingoni, nalo si neno la kupita. Babu zetu Wanyamwezi waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walilijua jambo hilo kwa mabega yao. Mpagazi alichukua frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na namna ya kuzifunga ilikuwa elimu kamili. Hata leo mwulize mtu aliyebeba mzega wa maji. Ndoo mbili zikining'inia kwenye ncha za mti mrefu, mchukuzi akitaka kugeuka ghafula mti hukataa. Na akishageuka, mti hukataa kusimama. Azisogeze ndoo karibu na bega, uzito ni ule ule, lakini sasa hugeuka kama mtu asiyebeba kitu. Umbali ukizidi mara mbili, ukaidi wa mzigo huzidi mara nne. Kwa sababu hiyo gurudumu la injini halihukumiwi kwa mizani tu. Kilo moja iliyoondolewa ukingoni ina maana kuliko kilo kadhaa zilizoondolewa karibu na kitovu, na mnunuzi anayetajiwa uzito bila kuambiwa chuma kiko wapi hajaambiwa nusu ya habari.

Faida, basi, ipo. Injini yenye gurudumu jepesi hupandisha mzunguko upesi na kuushusha upesi, hata dereva hodari akabadili gia bila kungoja. Katika njia ya kona nyingi, ambapo mtu hupunguza na kuongeza mwendo bila kukoma, hilo si jambo dogo. Lakini nilimkatalia mpwa wangu neno moja aliloambiwa na muuzaji, kwamba gurudumu jepesi huongeza nguvu za farasi. Haliongezi hata mguu wa farasi. Injini hutoa nguvu ile ile. Linachofanya ni kumeza kidogo zaidi au kidogo pungufu wakati wa kuongeza mwendo. Gari likishakaa katika mwendo mmoja, gurudumu zito halidai chochote.

Hasara nazo zipo. Kwanza, injini ikiachwa ingurume bila kukanyagwa mafuta hutetemeka zaidi. Pili, kuondoka huwa kazi ya mguu wenye adabu: klachi ikiachiwa haraka kidogo, injini huzimika, kwa kuwa hakuna akiba ya kuivusha katika mshtuko ule wa kwanza. Tatu ni joto. Klachi inaposuguana na gurudumu, joto huingia katika chuma, na kilo 5 huwaka upesi kuliko kilo 9. Dereva wa mashindano husugua klachi mara chache. Dereva aliyekwama katika udongo mweusi wa mbuga zetu huisugua mpaka inuke.

Nne ni hatari yenyewe. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 28, likizunguka mara 7,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde, na mwendo huo ni zaidi ya kilomita 360 kwa saa. Kila punje ya chuma pale inataka kuruka nje. Lile la mpwa wangu lilikuwa la feleji iliyofuliwa, lililokusudiwa kuwa jepesi tangu mwanzo, nami sikulitilia shaka. Linalotisha ni gurudumu la kawaida la chuma cha kumimina linalopelekwa kwa mkerezaji likapunguzwe. Chuma cha namna hiyo huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Kikipasuka, vipande hutoboa ganda la giaboksi, na miguu ya dereva haiko mbali.

Hapo sauti yangu ilibadilika, na dada yangu, mama yake kijana, aliyekuwa akitumia cherehani yake barazani, aliacha kushona.

Marehemu baba yangu alikuwa mpenzi wa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, Safari, ambayo yalianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Alizihifadhi habari zake kama watu wengine wanavyohifadhi nasaba. Alijua kuwa mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na kwamba mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Alijua kuwa Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo. Lakini fahari yake kubwa ilikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 na mwaka 1967, naye pia kwa Peugeot 404. Kwa baba yangu hilo halikuwa gari, lilikuwa hoja. Mtu akidai kuwa nchi yetu haina kitu, baba alimtajia Peugeot 404 ya Shankland, na mazungumzo yalikwisha hapo.

Kwa hiyo mwaka 1996 nilipopata fedha kidogo nilinunua pikapu ya Peugeot 404 iliyochoka. Mwaka uliofuata klachi yake ilikwisha, nikalipeleka gurudumu kwa mkerezaji mmoja mjini ili alisawazishe uso. Kusawazisha ni kuondoa unene wa ukucha. Mimi, niliyejua hesabu zote nilizomweleza mpwa wangu, na niliyekuwa kijana mwenye kichwa kilichojaa Shankland, nilimwambia mkerezaji aligeuze, akereze ukingo kwa nyuma, aendelee mpaka nimwambie basi. Aliniuliza mara mbili. Mara ya pili alizima mashine ndipo akauliza. Nilimwambia aendelee.

Barabara ilipokuwa kavu gari lile lilinipa furaha isiyo na kiasi. Liliitikia mguu kama mbuzi anayeitikia chumvi. Kweli lilizimika mara kwa mara wakati wa kuondoka, lakini mimi niliwaambia watu kuwa lina hasira za ujana.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zilianza zile mvua za El Niño, nazo zikaendelea hadi mwaka 1998. Usiku mmoja wa Januari dada yangu alishikwa na uchungu. Tulimlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, chini ya turubai, pamoja na mama yetu na mkunga, tukaishika njia ya hospitali ya Nkinga. Tulipofika katika mbuga, tairi zilianza kuzama. Mahali kama pale gari hupita kwa kutambaa, kwa gia ya kwanza, kwa kuondoka na kusimama na kuondoka tena. Kila nilipoachia klachi, injini ilizimika. Niliiwasha, ikazimika. Nilikanyaga mafuta zaidi, tairi zikachimba, nikapunguza, ikazimika. Sikumbuki niliiwasha mara ngapi. Nakumbuka kuwa mara ya mwisho stata ilitoa mlio mmoja mfupi, kisha kimya, na katika kimya kile nilisikia mvua juu ya turubai na sauti ya dada yangu.

Mtoto alizaliwa pale pale kabla ya alfajiri, na mtoto huyo ndiye kijana niliyekuwa nikizungumza naye chini ya mwembe. Asubuhi watu wa karibu walileta ng'ombe, wakatuvuta. Dada yangu alikuwa amepoteza damu nyingi. Alikaa hospitali wiki tatu, na baada ya hapo hakuzaa tena.

Sisemi kuwa gurudumu zito lingetuvusha. Udongo ule umepata kumeza hata matrekta. Kwa miaka mingi nilijipa faraja kwa maneno hayo, na mtu akinihukumu kwa fizikia pekee sijui kama ataweza kunitia hatiani. Lakini nayajua niliyoyahisi katika unyayo wangu usiku ule. Kila nilipoachia klachi gari liliomba mkopo, na ghala ilikuwa tupu, na aliyeimwaga akiba ile ni mimi, kwa ajili ya raha ya barabara kavu. Watu wote waliilaumu mvua. Niliwaacha wailaumu. Mwezi wa pili nilinunua gurudumu zima kutoka katika Peugeot mbovu, nikalifunga, nikanyamaza.

Nilipomaliza kusema, mpwa wangu alikuwa akitazama mikono yake iliyojaa grisi. Kisha aliniuliza swali ambalo sikulitazamia.

"Mjomba, mliondoa kilo ngapi?"

"Sikupima," nilijibu.

Dada yangu aliinuka barazani, akaja na birika la chai. "Kaka," alisema, "gari lako lilikuwa likizimika hata sokoni, mahali pakavu. Ulidhani mimi sikuwa na masikio?" Akatumiminia, akaongeza sukari katika kikombe changu bila kuniuliza, akarudi kwenye cherehani yake.

Shauri nililompa kijana baada ya hapo lilikuwa fupi. Nilimwambia kuwa gurudumu lake ni zuri, na hesabu inalikubali, iwapo gari litakuwa la mashindano tu, lenye dereva peke yake na msoma njia, na watu wa kulisukuma likikwama. Lakini gari alilonalo ndilo linalomchukua mama yake kwenda kliniki, ndilo linalobeba mpunga, na likija nyumbani wakati wa masika hupita katika mbuga ile ile. Sikumwamuru. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akakaa kitambo. Halafu alilichukua lile la kilo 9, akalipangusa, akalirudisha mahali pake, akakaza bolti moja moja kwa mkingamo kama ipasavyo. Tulipandisha giaboksi kwa mwanga wa taa, na saa nne ya usiku gari liliondoka uani na magunia mawili ya mpunga nyuma, polepole, bila kuzimika.

Lile jepesi alilisahau kwangu, au alijifanya kulisahau. Lilikaa juu ya rafu ya vitabu miaka miwili. Mara nyingine nililitundika kwenye fimbo, nikalizungusha kwa kidole, nikahesabu mpaka liliposimama, kama tulivyofanya zamani kwenye mashine ya kusaga. Lilisimama upesi.

Machi iliyopita alinipigia simu. Alikuwa amenunua gari jingine, bodi kuukuu, ameling'oa viti vyote isipokuwa viwili, na halitaingia Choma kamwe isipokuwa juu ya lori. Aliomba nimpelekee gurudumu lake. Nililipaka mafuta lisipate kutu, nikalifunga katika gunia, nikapanda pikipiki mpaka Igunga kwenye mabasi. Utingo alilipokea kwa mkono mmoja, akalipandisha na kulishusha kidogo, akaniuliza ni sahani ya kupikia nini. Nilimwambia ni gurudumu la gari. Alilitazama tena, akasema kuwa kwa uzito ule atanitoza nauli ya kifurushi.